Kaunta ya ndege Songea: Kwa nini karani hakusamehe kilo tano

MKULIMA wa Mbinga anaijua mizani kuliko watu wengi. Amepimiwa kahawa kwenye chama chake cha msingi, amelalamikia lumbesa ya mahindi, na kama ana ndugu wanaouza dagaa huko Liuli au Mbamba Bay, amesikia vilio vyao vya kupunjwa. Kote huko hamu yake ni moja, mzigo wake usomeke juu.

Siku anapofika uwanja wa ndege wa Songea mambo hugeuka. Ndiyo siku pekee mkulima huyo huomba mizani isome chini. Na mbele yake kuna kijana mwenye sare, kompyuta na mkanda wa mizani, ambaye baada ya kusema "shikamoo mama" kwa adabu zote, anamwambia yule mama kuwa begi lake lina kilo 28, na tano zinalipiwa.

Hapo ndipo ugomvi huanzia. Wengi humwona karani huyo kama wakala wa basi anayetafuta cha juu. Ukweli ni kwamba kazi yake ina uzito kuliko inavyoonekana, na mfanyabiashara anayeielewa huokoa fedha, muda na wakati mwingine safari nzima.

Usafiri huu si wa matajiri peke yao tena. Kutoka Mbinga mjini hadi Songea ni takriban kilomita 100 za lami, na kutoka Mbamba Bay kupanda hadi Mbinga ni nyingine 66 hivi, nazo sasa ni lami. Uwanja wa Songea ulikarabatiwa, na ndege za Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) aina ya Dash 8 Q400, zenye viti 76, zimekuwa zikitua hapo. Safari ya basi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 950, yaani siku nzima barabarani. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Mtu anayewahi mzigo bandarini, au anayepeleka sampuli za kahawa kwa mnunuzi, huweza kuona hesabu hiyo inalipa.

Kilo tano mara 76

Kwa kawaida tiketi ya daraja la kawaida kwa safari za ndani huruhusu begi la kilo 23 na mzigo wa mkononi wa kilo saba. Viwango hutofautiana kwa shirika na kwa aina ya tiketi, hivyo ni vyema kusoma tiketi yako badala ya kumsikiliza jirani aliyesafiri mwaka juzi. Lakini swali la msingi ni kwa nini kilo zihesabiwe hivyo wakati ndege yenyewe ina uzito wa tani nyingi.

Q400 inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito usiozidi takriban tani 29, na humo ndani ni ndege yenyewe, mafuta, watu na mizigo. Sasa chukua abiria 76, kila mmoja afiche kilo tano kwenye koti na mkoba. Jumla ni kilo 380, karibu magunia manne ya mahindi ambayo rubani hajui kuwa anayo. Mkulima aliyewahi kupakia Canter kupanda mlima wa Mbinga anafahamu maana yake.

Songea kuna jambo la ziada. Uwanja uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likipanda hupungua uzito zaidi, mabawa na injini hupata nguvu ndogo ya kuinua. Ndege ile ile iliyobeba mzigo wote asubuhi inaweza kuhitaji kupunguziwa mchana. Ndiyo maana kuna siku karani huwaambia abiria kwamba baadhi ya mabegi yatafuata na safari nyingine. Watu hukasirika, na wana haki ya kukasirika iwapo hawaelezwi sababu, lakini si ujanja wa kuwakomoa.

Kilo zilizoandikwa kaunta hazibaki kaunta. Hujumlishwa na kuingizwa katika karatasi ya uzito ambayo rubani huipokea kabla ya kuruka. Karatasi hiyo haionyeshi jumla tu, inaonyesha pia mzigo umekaa wapi, mbele au nyuma, maana ndege iliyolemewa mkiani ni hatari hata kama jumla haijazidi. Hii pia ndiyo sababu ya kukatazwa kuhama viti ovyo kwenye ndege ndogo isiyojaa.

Abiria wenyewe kwa kawaida hawapimwi. Hukadiriwa. Kwa mfano, kanuni za Ulaya hutumia wastani wa kilo 84 kwa mtu mzima pamoja na mzigo wake wa mkononi, kwa ndege zenye viti 30 au zaidi. Makadirio hayo yamewahi kuponza. Januari 8, 2003, ndege ndogo aina ya Beech 1900 ilianguka mara tu baada ya kuruka mjini Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta nyaya za usukani wa mkiani hazikurekebishwa sawasawa, na pia kwamba ndege ilikuwa imezidi uzito na kulemewa nyuma, ingawa kwa hesabu za makaratasi kila kitu kilikuwa sawa. Wastani wa uzito uliokuwa ukitumika ulikuwa chini ya uzito halisi wa watu. Baada ya hapo Wamarekani walipandisha viwango vyao.

Kwa hiyo karani akikataa kusamehe kilo tano, asichukuliwe kuwa ni roho mbaya. Anachoweza kukusaidia ni kukushauri uhamishie vitu kwa mwenzako mwenye begi jepesi, mradi mnafahamiana. Begi la mtu usiyemjua usilipokee hata kwa hisani.

Nayo mizani yake si ya kuaminiwa kwa macho tu. Mizani inayotumika kumtoza mtu fedha iko chini ya sheria ya vipimo, na Wakala wa Vipimo (WMA) ndiyo inayoihakiki na kubandika stika. Abiria ana haki ya kuitazama stika hiyo kama anavyoitazama kwenye mizani ya kahawa. Ana haki pia ya kudai stakabadhi ya kila shilingi anayolipia mzigo uliozidi. Bila stakabadhi, usilipe.

Bomba la dawa halipandi

Eneo linalowaumiza wakulima zaidi ni vitu vinavyokataliwa. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa likiwa jipya dukani halina shida, lakini lililotumika na lenye masalia ya dawa ya wadudu ni sumu, na halipandi ndege ya abiria. Viuatilifu vyenyewe ni hivyo hivyo. Chensoo au jenereta ndogo iliyowahi kutiwa petroli hutoa mvuke hata kama tangi limemwagwa, na mara nyingi hukataliwa. Mtungi wa gesi haupiti kabisa.

Betri nazo zina kanuni inayowachanganya wengi. Pawabenki na betri za akiba za simu haziruhusiwi kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege, zinatakiwa ziwe mkononi. Sababu ni kwamba betri hizo zikipata hitilafu huwaka moto mkali, na moto ulio karibu na wahudumu unaweza kudhibitiwa kuliko ulio chini kwenye mizigo. Kisu, panga na mundu, kinyume chake, huwekwa kwenye begi la chini.

Dagaa na mbasa wa kukausha hawakatazwi kwa kuwa ni samaki. Tatizo ni harufu na majimaji. Samaki waliokauka vizuri, wakafungwa kwenye plastiki mbili na kuwekwa kwenye boksi gumu, husafiri. Walioloweshwa na barafu ndani ya begi la shangazi kaja huharibu mizigo ya wenzao, na karani ana mamlaka ya kuwakataa. Asali vilevile, ndoo yenye mfuniko wa kubana ndiyo yake.

Kina Komba watano

Baada ya kilo huja jina. Ukanda huu una koo kubwa, na si ajabu safari moja ikawa na kina Komba watano, Ndunguru watatu na Kapinga wawili. Karani hawezi kupandisha mtu kwa jina la ukoo tu. Jina la kwenye tiketi linatakiwa lifanane na la kwenye kitambulisho, kiwe cha NIDA au kingine kinachokubalika. Wapo wanaokatiwa tiketi na vijana wao kwa simu, wakaandikwa jina la nyumbani ilhali kitambulisho kina la ubatizo. Marekebisho ya herufi moja huwa rahisi siku moja kabla, na huwa balaa dakika 40 kabla ya safari.

Kwa jina hilo hilo ndipo lebo ya begi hutolewa. Kile kipande kidogo kinachobandikwa kwenye tiketi, ambacho wengi hukitupa, kina namba ya mzigo wako. Begi lisipotokea Dar es Salaam, bila kipande hicho unaanza kueleza rangi na kamba. Toa taarifa kabla hujatoka uwanjani. Kwa wanaounganisha kwenda nje, mfano Dubai au Guangzhou kufuata bidhaa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imeuridhia, unataka malalamiko ya maandishi ndani ya siku saba kwa mzigo ulioharibika na siku 21 kwa uliochelewa. Ukipitisha siku hizo, umejinyima mwenyewe.

Orodha ya majina haitumiki kwa begi tu. Abiria akiandikishwa, begi lake likapakiwa, kisha yeye asitokee mlangoni, begi hilo hutafutwa na kushushwa hata kama ndege itachelewa. Idadi ya waliomo lazima ilingane na iliyoandikwa.

Kwa watu wa mwambao, karani wa namna hii si mgeni. Ndiye yule anayesimama gatini wakati meli inapotia nanga. Kwa miaka mingi walipanda MV Songea na MV Iringa, na Januari 2021 ikaanza kazi MV Mbeya II, yenye uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo. Nako kuna tiketi, kuna mizani ya magunia, kuna orodha. Tofauti ni kwamba ziwani, hasa kwenye boti za watu binafsi, mazoea ni makubwa. Mtu hurukia dakika ya mwisho, mtoto hahesabiwi, gunia huongezwa juu ya gunia, na upepo wa mwera ukivuma hakuna ajuaye boti ilibeba wangapi.

Gharama ya mazoea hayo ilionekana Ziwa Victoria. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Iliripotiwa wakati ule kwamba mkata tiketi alikuwa miongoni mwa waliokufa na mashine yake ya kumbukumbu ilizama naye, hivyo hata kujua idadi ya waliopanda ikawa kazi. Familia zilikaa ufukweni zikisubiri watu ambao hakukuwa na karatasi ya kuonyesha kama walikuwamo.

Uwanja wa ndege hauendi hivyo. Nakala ya orodha ya abiria na ya karatasi ya uzito hubaki nchi kavu.

Kijana wa Mbinga aiwezaje kazi hii

Wazazi wenye vijana waliomaliza sekondari huuliza kama kazi hii inapatikana. Inapatikana, ila si kwa wingi. Viwanja vikubwa kama wa Dar es Salaam, makarani wengi huajiriwa na kampuni za kuhudumia ndege. Moja ya hizo, Swissport Tanzania, hisa zake ziliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2003, kwa hiyo hata mwalimu wa kijijini aliweza kuwa mmoja wa wenye kampuni. Viwanja vidogo huwa na watu wachache, na aliyekupimia begi ndiye huyo huyo utakayemkuta mlangoni akikagua pasi.

Mafunzo ya usafiri wa anga hutolewa na vyuo kadhaa, kikiwamo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichoko Mabibo, Dar es Salaam. Kiingereza kinahitajika, kompyuta inahitajika. Lakini kinachowashinda wengi ni kusimama saa nyingi, kuamka alfajiri, na kutukanwa na mtu aliyechelewa kwa makosa yake. Dirisha la kuandikisha hufungwa mapema, kwa mashirika mengi kati ya dakika 30 na saa moja kabla ya kuruka, kwa sababu hesabu za uzito zinatakiwa zikamilike. Anayefika na basi la mwisho kutoka Mbinga akaiona ndege bado imesimama uwanjani haelewi kwa nini haruhusiwi, na hasira zote humshukia karani.

Milango ya ndege ikifungwa, kazi yake haijaisha. Hutuma ujumbe Dar es Salaam kueleza abiria wangapi wamepanda, mabegi mangapi yamo na yapi yamebaki, kisha husubiri palepale hadi ndege iwe angani, kwani ikirudi na hitilafu, yeye ndiye atakayewapokea watu wote 76 kwa mara ya pili.