Kusongamana au Kusongwa?

Wanafunzi wengi wakikutana na kitenzi cha Kiingereza "crowd in" hukimbilia neno "umati", kwa kuwa "crowd" walilijua kwanza kama nomino. Hapo ndipo tafsiri inapoanza kuharibika. Kwa asili yake neno hilo ni kitenzi: katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kusukuma na kubana. Maana ya umati ilizuka karne nyingi baadaye.

Tuchukue matatu za kabla ya Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa kanuni za Waziri John Michuki. Abiria walijazana mlangoni, utingo akiwashindilia hadi wengine wakabaki wamening'inia. Mwingereza angesema "they crowded in". Nasi twasema walisongamana ndani, na shauri limekwisha.

Ugumu huja "on" inapoongezwa: "memories crowded in on her". Hapa hapana mlango wala gari. Kumbukumbu zimemwandama mtu pande zote, hana pa kupumulia. Mwanafunzi akiandika "kumbukumbu zilijaa ndani yake", amepata nusu tu, kwani kujaa kwaweza kuwa kwa heri. Hata furaha hujaa moyoni. Maneno yanayofaa ni "zilimzonga", au "alisongwa na kumbukumbu".

Yeyote aliyewahi kusonga ugali anajua kani iliyomo katika kitenzi hicho. Kutokana nacho tumepata msongamano wa magari na pia msongo wa mawazo, ndugu wawili wa tumbo moja. Kazi ambayo Kiingereza huwaachia vijineno vya nyuma, Kiswahili hufanya kwa mnyambuliko. Wanaobanana wenyewe kwa wenyewe watachukua -mana, kama katika shikamana na fungamana. Anayebanwa atachukua -w-.

Kwa hiyo sioni faida ya kuwakaririsha wanafunzi orodha ndefu za vitenzi vya Kiingereza, kila kimoja na kisawe chake kimoja. Afadhali mwalimu aulize: ni nani anayebana, na ni nani anayebanwa?

Walakini wanauchumi wana yao. Kwao, serikali ikijenga barabara na wenye mitaji wakafuata kujenga viwanda kandokando yake, hiyo nayo ni "crowding in". Hapo hapana aliyesongwa. Mtaji wa umma umeuvuta ule wa watu binafsi, na "kuvutia" ndilo neno la kuandika.