Fainali Ndiyo Mizani: Wafungaji wa Lubumbashi na Rekodi Zao

Huku Haut-Katanga, toka Mitwaba hadi Kasumbalesa, watu wakibishana nani mfungaji mkubwa kuliko wote, wengi huanza na hesabu: fulani ana mabao mangapi. Mimi huanza na swali jingine. Aliyafunga siku gani? Bao la tano dhidi ya timu iliyokwisha kukata tamaa ni bao, sikatai, ila halilingani na bao la fainali, pale ambapo miguu inakuwa mizito na goli linaonekana dogo kama tundu la sindano.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza kwangu ni Mbwana Samatta. Kijana wa Mbagala, Dar es Salaam, aliyezaliwa Desemba 1992. TP Mazembe walimwona alipowakabili akiwa na Simba mwaka 2011, na mwaka huo huo wakamleta Lubumbashi. Hakuhitaji mkalimani. Kiswahili cha Kamalondo, huku Lubumbashi, si kile cha Mbagala, lakini mtu akikuomba pasi unamwelewa, na mimi naamini jambo hilo lilimsaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 2015 alimaliza Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na mabao saba, sawa na Bakri Al-Madina wa Al-Merrikh. Hao wawili walikutana nusu fainali. Mazembe walifungwa 2-1 kule Omdurman, kisha wakashinda 3-0 nyumbani. Fainali ikawa dhidi ya USM Alger. Samatta alifunga Algiers, Mazembe wakashinda 2-1. Tarehe 8 Novemba, katika uwanja wa Kamalondo wenye viti 18,500 na nyasi bandia, ikapatikana penalti mechi ikiwa bado 0-0. Penalti ya fainali hupigwa na mtu mmoja huku mji mzima umeshika pumzi. Akaiweka wavuni. Roger Assalé akaongeza la pili, kombe la tano likabaki Katanga.

Januari 2016, mjini Abuja, Samatta akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Hakuna mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Aliyemfuata kwa kura alikuwa Robert Kidiaba, kipa wake mwenyewe! Mwezi huo huo akaondoka kwenda Genk, Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa. Tarehe 1 Machi 2020, akiwa Aston Villa, akafunga Wembley dhidi ya Manchester City. Villa walipoteza 2-1, lakini angalieni tena mechi yenyewe: ilikuwa fainali ya Kombe la Ligi.

Najua wazee wa Lubumbashi watanikatiza hapa: na Mputu je? Trésor Mputu ndiye mfalme wa mashabiki, nami sibishani nao. Mwaka 2007 aliongoza wafungaji wa Ligi ya Mabingwa kwa mabao tisa. Mwaka 2009 akawa bora wa Afrika kwa wanaocheza nyumbani, mwaka ambao Kongo ilitwaa CHAN kule Abidjan na Mazembe wakarudisha kombe la Afrika baada ya miaka 41. Jambo ambalo wengi wamelisahau ni kwamba bao lililoleta kombe hilo, 1-0 katika marudiano na Heartland ya Nigeria, lilitokana na beki wa Heartland kujifunga. Mwaka uliofuata FIFA wakamfungia Mputu miezi kumi na miwili kwa kumshambulia mwamuzi katika Kombe la Kagame.

Kwa hiyo siku kubwa kuliko zote ilimpita. Desemba 14, 2010, Abu Dhabi, nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu: Mazembe 2, Internacional ya Brazili 0. Mulota Kabangu alifungua, Dioko Kaluyituka akafunga la pili zikibaki dakika tano. Kidiaba akaketi chini kwenye eneo lake, miguu mbele, akaanza kurukaruka kwa makalio kama mtoto aliyepewa zawadi. Hadi siku hiyo fainali ile ilikuwa ya Ulaya na Amerika Kusini tu. Inter Milan waliwafunga 3-0 siku nne baadaye, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Rekodi iliyo ngumu kuliko zote, hata hivyo, si ya mtu wa Mazembe. Ni ya Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Kananga, aliyechezea Vita Club ya Kinshasa. Kombe la Mataifa ya Afrika, Misri, Machi 1974: mabao tisa katika mashindano mamoja. Mawili dhidi ya Guinea, moja dhidi ya Mauritius, mawili dhidi ya wenyeji Misri katika nusu fainali. Kisha mawili dhidi ya Zambia katika fainali iliyoisha 2-2, na siku mbili baadaye mechi ikarudiwa, akafunga mengine mawili: 2-0. Mabao yote manne ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika fainali yalitoka kwenye miguu ya mtu mmoja.

Maisha hayakumlipa. Mwaka 1994 alipigwa risasi na majambazi, akaishia ukimbizini Cape Town. Katika Kombe la Afrika la 1998 watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea, kwa habari ya uongo kwamba amekufa, naye yu hai Afrika Kusini. Alifariki kweli Januari 2019, Johannesburg.

Miaka mitatu baadaye, kule Kamerun, Vincent Aboubakar aliikaribia rekodi hiyo. Alifika manane.