Newstead, walipoketi Susi na Chuma

Sisi tunaoishi Nottingham, Derby na Leicester tuna desturi ya kukutana kumbini. Harusi, maulidi, kipaimara, arobaini: tunakula, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Mashambani mwa Uingereza, penye vijiji vya mawe na vijia vya miguu, tunapaona dirishani mwa treni tu. Naandika makala haya kuwaomba mtoke Jumamosi moja, na sababu yangu ni kubwa kuliko kupunga upepo. Kiasi cha kilomita 18 kaskazini ya Nottingham ipo nyumba ambamo mwaka 1874 waliketi wasema Kiswahili wawili, meza imejaa ramani na madaftari, wakieleza habari ambazo hakuna Mzungu aliyeweza kuzieleza. Majina yao ni Abdullah Susi na James Chuma. Nyumba yenyewe ni Newstead Abbey.

Njia ni nyepesi. Treni ya kutoka Nottingham kwenda Mansfield husimama Newstead, kijiji cha nyumba za matofali mekundu zilizopangwa safu safu kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe. Mgodi wao ulifungwa mwaka 1987. Ukitoka kituoni unapita kijijini, unafuata njia ya mashariki kuingia kwenye miti, na baada ya mwendo wa nusu saa hivi unaliona ziwa, na ng'ambo yake ukuta mrefu wa kanisa usio na kanisa. Huo ndio uso wa magharibi wa nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino, iliyoanzishwa na Mfalme Henry II katika karne ya 12. Ukuta umebaki na tundu kubwa la dirisha lake, lisilo na kioo, na nyuma yake ni nyasi na anga. Wanaopendelea basi hushuka kwenye lango la barabara kuu, penye mwaloni mkongwe, kisha hutembea zaidi ya kilomita moja na nusu ndani ya bustani. Vaeni viatu vya kutembelea, maana hapa mvua haipigi hodi.

Wageni wengi huja kwa ajili ya Lord Byron, mshairi. Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa, hii ikaangukia ukoo wa Byron mwaka 1540, na mshairi aliirithi akiwa mtoto wa miaka 10. Bustanini lipo kaburi alilomjengea mbwa wake, Boatswain, aliyekufa mwaka 1808. Watoto hulipenda. Hupenda zaidi tausi wanaotembea kwenye nyasi kama wenye nyumba. Sisi tuliokulia kwenye nyimbo zinazomsifu tausi tunaweza kumwonyesha mtoto ndege mwenyewe, akilia kwa sauti isiyofanana kabisa na manyoya yake.

Byron aliiuza nyumba kwa sababu ya madeni, na baadaye, mwaka 1861, ikanunuliwa na William Frederick Webb. Hapa ndipo habari inapotugusa. Webb aliwahi kuwa mwindaji kusini mwa Afrika, na huko alifahamiana na David Livingstone, mmisionari na msafiri. Livingstone aliporudi Uingereza kutoka Zambezi, Webb alimkaribisha Newstead, akakaa miezi mingi kati ya 1864 na 1865 akiandika kitabu cha safari hiyo. Halafu akarudi Afrika, na hakuonana tena na rafiki yake.

Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya leo ya Zambia. Wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gamba la mti, wakaanza safari ya kuelekea pwani. Susi na Chuma ndio waliouongoza msafara. Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta ofisa Mwingereza aliyewashauri wauzike mwili hapohapo. Walikataa. Mbele kidogo wenyeji walikataa maiti isipitishwe nchini mwao, na hapo ndipo ulipoonekana ujuzi wa watu wa misafara. Walifunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, wakawatuma watu warudi nayo Unyanyembe jua likikaribia kuchwa, kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe waliufungasha ukawa mtumba wa nguo kama mitumba mingine, ukapita begani mwa wapagazi bila mtu kushuku. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, baada ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa miguu, na pamoja na maiti walikabidhi madaftari na vyombo vya marehemu.

Kutoka hapo walitengwa na mzigo wao. Jeneza lilisafiri likisindikizwa na Jacob Wainwright, mwenzao aliyesoma shule ya misheni India, na Livingstone akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Kwangu mimi hilo lilikuwa kosa kubwa, na sioni namna ya kulitetea.

Lakini kazi ilikuwa inawangoja. Kasisi Horace Waller alikuwa akitayarisha shajara za mwisho za Livingstone zichapishwe, na shajara haiwezi kusimulia kifo cha mwandishi wake. Siku za mwisho, kibanda alimofia, safari ya kurudi: yote hayo yaliingia kitabuni kwa vinywa vya Susi na Chuma. Kazi ilifanyika Newstead na pia nyumbani kwa Waller, kijijini Twywell, Northamptonshire. Kitabu kilitoka kabla mwaka haujaisha. Ipo picha ya Newstead ya mwaka huo inayowaonyesha wote wawili pamoja na Waller na watoto wawili wa Livingstone, Agnes na Tom, wakizitazama karatasi. Itazameni kabla ya kwenda, ili mkifika mjue mnawatafuta nani.

Mkiwa na nguvu bado, tembeeni kusini hadi Linby, kijiji cha mawe chenye misalaba miwili ya kale na kijito kinachopita kando ya barabara. Jirani yake ni Papplewick, ambako mwaka 1785 injini ya mvuke ya James Watt ilitumika kuendesha kinu cha kusokota pamba. Kisha Hucknall, penye tramu ya kuwarudisha Nottingham. Katika kanisa la Hucknall amezikwa Byron, aliyefia Ugiriki Aprili 1824 na kuletwa kwa meli. Westminster ilimkataa. Pembeni yake yupo binti yake, Ada Lovelace, ambaye wasichana wetu wanaosoma kompyuta wanapaswa kumjua. Kwa hiyo nyumba moja imewahi kuwa na wakazi wawili waliofia mbali wakarudishwa kwa bahari, mmoja nusu karne kamili baada ya mwingine.

Nyumba haifunguliwi kila siku, na kuna kiingilio; hakikisheni siku na bei kabla ya kukata tiketi. Bustani pekee inatosha kwa familia yenye watoto wadogo, mkeka na chupa ya chai. Lakini ingieni ndani mkiweza, na mkifika mbele ya kumbukumbu za Livingstone waulizeni wahudumu habari za Susi na Chuma kwa majina. Wageni wakiuliza mara nyingi, waongozaji huzoea kujibu.

Jiwe la Westminster linasema Livingstone aliletwa na mikono miaminifu, bila kutaja mikono ilikuwa ya nani. Wote wawili walirudi Zanzibar, wakaendelea na kazi ya unyampara wa misafara. Chuma alifia huko mwaka 1882, Susi mwaka 1891.