Sikio la Mzamiaji na Milima ya Kimulot



Likizo iliyopita tulikuwa Kimulot, katika nchi ya chai baina ya Kericho na Bomet, nyumbani kwa dada yetu aliyeolewa huko. Baada ya sala ya alfajiri tulimkuta jikoni akipasha mafuta ya simsim katika kijiko. Mwanawe alikuwa ameingia muda si mrefu akitoka Diani, alikokwenda na wenziwe kujifunza kuzamia baharini kwa mitungi ya hewa, na sikio lilikuwa likimuuma. Tulimwomba dada auweke kijiko chini kwanza.

Hakuna kidonda kinachowapata wazamiaji wa starehe mara nyingi kuliko cha sikio, na sababu yake ni uzito wa maji. Mtu akishuka mita 10 tu, shinikizo juu ya mwili wake huwa maradufu ya lile la ufukweni. Nyuma ya kiwambo cha sikio mna hewa, na hewa hiyo hupata njia kwa mrija mwembamba unaoteremka hadi kooni. Mrija ukiwa wazi, mzamiaji hubana pua, akapuliza taratibu au akameza mate, na mambo yakawa sawa. Hufanya hivyo tangu kichwa kinapozama, kabla maumivu hayajaanza, tena na tena kila anaposhuka kidogo. Mrija ukiwa umezibwa na mafua, kiwambo huvutwa ndani, huvimba, hata hupasuka. Mita za mwanzo ndizo zenye hila, kwa kuwa hapo ndipo hewa iliyo sikioni inapobanwa kwa kasi zaidi.

Tukamuuliza kijana: ulikuwa na mafua? Akainamisha kichwa. Alikuwa nayo siku ya pili, akameza dawa ya kufungua pua na kunyamaza, akichelea kuachwa ufukweni wenziwe wakienda. Sikio lilimuuma, akaendelea kushuka. Kisha maumivu yakakatika ghafla na kizunguzungu kikamshika kidogo. Yeye alidhani ni nafuu. Wazazi, ishara hiyo tuishike: maumivu kukoma ghafla chini ya maji, pamoja na kizunguzungu, huenda ikawa kiwambo kimepasuka na maji baridi yameingia ndani. Sikio la namna hiyo halitiwi mafuta, wala maji ya kitunguu, wala dawa ya matone isiyoandikwa na daktari. Huachwa kavu, likapelekwa likatazamwe. Aghalabu hupona lenyewe kwa wiki kadhaa.

Macho yake pia yalikuwa mekundu kama pilipili, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi. Hilo ni jepesi. Miwani ya kuzamia hufunika na pua, ili mtu apulize pumzi kidogo ndani yake anaposhuka. Akisahau, miwani huvuta macho na mishipa midogo ikavuja damu. Macho yakiwa mekundu tu, bila maumivu wala ukungu, huisha kwa wiki mbili au zaidi kidogo. Kwa mabinti zetu wanaopenda mchezo huu, tuongeze: ukingo wa miwani ukae juu ya ngozi tupu. Ukikalia mtandio au nywele, maji huingia. Vazi refu la kuzamia, kwa upande wake, ni sitara na ni kinga pia, maana matumbawe hukwaruza vibaya na jeraha lake huchelewa kupona lisiposafishwa vyema. Aliyechomwa na yavuyavu asijisugue kwa mchanga. Aoshe kwa maji ya bahari, si ya bomba. Wako wanaoshauri mkojo. Mkojo hautibu, na isitoshe ni najisi.

Lakini lililotuhangaisha alfajiri ile halikuwa sikio wala macho. Kijana alisema, kama mtu anayetaja jambo la pembeni, kwamba bega nalo lamuuma.

Anayezamia kwa mtungi huvuta hewa iliyoshindiliwa, na naitrojeni iliyomo huyeyuka mwilini. Akipanda juu taratibu, hutoka kwa pumzi. Shinikizo likipungua upesi, hufanya mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, na mapovu hayo hupenda viungo: bega, kiwiko, goti. Hatari hiyo haiishii ufukweni, kwani kupanda mlima nako hupunguza shinikizo. Shirika la Divers Alert Network hupendekeza kusubiri saa 12 zisizopungua baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 kwa aliyezamia mara nyingi au siku kadhaa, kabla ya kupanda ndege ambayo hewa yake ya ndani ni kama ya mlima wa mita 600 hadi 2,400. Kimulot iko karibu mita 2,000. Kijana alizamia asubuhi, akapanda treni ya alasiri Mombasa. Hata saa 10 hazijatimia alikuwa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na usiku huohuo akaendelea kupanda kwa basi. Hakuna aliyemwambia, nasi wa pwani hatukufikiri kumwonya.

Tukampeleka hospitali, na la kwanza tulilomwambia daktari lilikuwa: huyu jana alikuwa chini ya bahari. Daktari wa milimani hawezi kulibuni hilo. Alimchunguza kwa muda mrefu. Bega, alhamdulillahi, lilikuwa limechubuliwa na mkanda wa begi zito. Kiwambo cha sikio kilikuwa na tundu.

Dada aliuliza habari ya udhu na josho. Katika madhehebu yetu ya Shafi kupangusa masikio katika udhu ni sunna, basi mwenye jeraha aliache lile bovu bila wasiwasi. Katika josho la wajibu maji hufika sehemu ya nje ya sikio, si ndani ya tundu. Kwa hiyo mlango wake huzibwa kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando.

Mafuta ya simsim aliyarudisha chupani. Kijana ameambiwa arudi kwa daktari baada ya wiki sita, na mama yake ndiye anayezihesabu.