Pombe ya ndizi New York: vitabu vya wachoraji wetu tuvisomeje?

Ukisikia "sanaa ya kisasa" usidhani ni mambo ya akina Picasso tu. Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, maarufu kama MoMA, lina mchoro wa mwaka 1956 unaoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Sisi watu wa rubisi hilo halihitaji mkalimani!

Aliyeuchora ni Sam Ntiro, Mchagga aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, kisha chuo cha Slade, London. Tulipopata uhuru mwaka 1961 akawa balozi wetu Uingereza. Naam, mchoraji balozi.

Sasa ukitaka kuwasoma watu kama hawa, vitabu vipo. Ulli Beier alitoa Contemporary Art in Africa mwaka 1968. Judith von D. Miller akatoa Art in East Africa mwaka 1975. Sidney Kasfir akatoa Contemporary African Art mwaka 1999. Vyote ni vya Kiingereza, na hakuna Mtanzania kati ya waandishi hao watatu. Si dhambi, ila lazima usome kwa akili.

Kwanza, angalia mwandishi katokea wapi. Beier alikuwa Mjerumani aliyefanya kazi Nigeria, na alivutiwa zaidi na wasanii wasiopitia vyuo vya sanaa. Sasa mtu wa Makerere na Slade kama Ntiro ataonekanaje machoni pake? Jiulize kabla hujakubali hukumu yake.

Pili, angalia mwaka. Kitabu cha 1968 hakiwezi kukueleza Tingatinga, kwa sababu Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka huohuo, kwa rangi za kung'aa za madukani juu ya vipande vya bodi. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka minne tu, lakini mtindo wake unaendelea mpaka leo.

Tatu, angalia nani anaitwa "msanii" na nani anaitwa "fundi" au muuza vitu vya watalii. Hapo ndipo penye ugomvi. Wapo wanaoidharau Tingatinga eti ni ya kuuzia wageni. Kasfir yeye anamtazama pia mnunuzi na dalali, maana soko nalo lina mkono wake katika kazi ya msanii.

Kwa nini tujali? Kijana anayechora vibao vya saluni na kuta za maduka huku kwetu anaitwa fundi rangi, basi. Hasaini kazi yake, ukuta ukipakwa chokaa kapotea. Ntiro tunamjua kwa sababu kuna aliyeandika jina lake, jina la mchoro na mwaka.

Ukiwa hapo kafe, tumia dakika zako tano kuandika "Sam Ntiro MoMA" uone mwenyewe. Halafu mwambie mchoraji wa mtaani kwenu asaini na aweke mwaka. Piga na picha kabisa.

Mnasemaje wadau: anayechora kibao cha saluni ni msanii au si msanii?