Kuweka na Kuondoa Programu kwenye Linux Bila Kumaliza Bando

Mkazi wa wadi ya Ngaremara mwenye laptopu ya zamani ana sababu mpya ya kuifikiria Linux. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali kompyuta nyingi za miaka ya nyuma. Laptopu kama hiyo haijafa. Ikiwekewa Linux Mint au Ubuntu, ambazo hazilipiwi, itaendelea kuandika barua, kuchapisha fomu za basari, kufungua eCitizen na kufundishia watoto.

Kinachowatatiza wengi si kuiweka Linux yenyewe, bali ni siku ya pili: programu zinapatikana wapi? Aliyezoea Windows hutafuta jina la programu kwenye intaneti, hupakua faili kutoka tovuti ya kwanza anayoiona, kisha hubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo mpaka mwisho. Virusi vingi huingia kwa mlango huo. Kwenye Linux, programu hutoka katika ghala moja linalotunzwa na wale wale waliotengeneza mfumo. Kila programu ndani ya ghala imefungwa kama kifurushi, na orodha ya vifurushi hutiwa sahihi ya kidijitali. Kompyuta huikagua sahihi hiyo kabla ya kuweka chochote. Kifurushi kilichochezewa njiani hukataliwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kuzungukazunguka mitandaoni, wala ya kununua flashi ya programu zilizovunjwa kufuli.

Anayelifungua ghala hilo kwa kubonyeza tu, bila kuandika amri, ana njia mbili. Linux Mint ina Software Manager, yenye picha na maelezo kama Play Store ya simu. Ya pili ni Synaptic, ambayo kwenye Mint huja tayari na kwenye Ubuntu huwekwa kwanza. Synaptic haina sura ya kuvutia, lakini humwonyesha mtumiaji kila kitu kinachoingia na kinachotoka, na kwa anayenunua data kwa shilingi hamsini hamsini, hilo ni jambo kubwa kuliko picha.

Mfano mzuri wa kuanzia ni kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, ambayo katika ghala huitwa hunspell-sw. Mtumiaji hufungua Synaptic kwa nenosiri la msimamizi, hubonyeza Reload ili orodha ya ghala iwe ya sasa, kisha huandika jina hilo kwenye sehemu ya kutafuta. Kisanduku cheupe kando ya jina maana yake kifurushi hakijawekwa. Cha kijani kimewekwa. Hubonyeza kisanduku, huchagua Mark for Installation, na hapo bado hakuna kilichofanyika: ni kama kuweka bidhaa kwenye kikapu dukani. Malipo ni kitufe cha Apply. Baada ya hapo, katika LibreOffice, lugha ya waraka huchaguliwa kuwa Kiswahili, na maneno yaliyokosewa hupigiwa mstari mwekundu. Katibu wa kikundi cha akina mama anayeandika kumbukumbu za mkutano ataona tofauti siku hiyo hiyo.

Kabla ya kazi kuanza, Synaptic hufungua dirisha linalotaja ukubwa wa kitakachopakuliwa na nafasi kitakayochukua. Dirisha hilo lisirukwe. Programu nyingi hutegemea vifurushi vingine, na jina moja linaweza kuvuta kumi. Katika Software Manager kuna mtego wa aina nyingine: programu moja inaweza kutolewa kwa namna mbili, kifurushi cha mfumo au Flatpak. Flatpak ya kwanza hubeba msingi wake mwenyewe, na huweza kula mamia ya megabaiti kwa programu ambayo kama kifurushi cha mfumo ingekuwa ndogo zaidi. Mwenye bando achague kifurushi cha mfumo.

Na asiye na bando kabisa? Hapa ndipo Synaptic inapostahili heshima yake. Mtumiaji huweka alama kwenye programu anazozitaka, lakini badala ya Apply huenda kwenye menyu ya File na kuchagua Generate package download script. Hiyo ni faili ndogo yenye anwani za vifurushi vyote vinavyohitajika. Hutiwa kwenye flashi, hupelekwa Isiolo mjini kwenye kompyuta nyingine ya Linux yenye intaneti, na ikiendeshwa huko hupakua kila kitu. Flashi ikirudi Ngaremara, menyu ile ile ya File ina Add downloaded packages, na programu huwekwa bila kutumia hata megabaiti moja. Sharti ni kwamba Reload iwe imefanywa karibuni, hata kwa intaneti ya simu, kwa sababu orodha ikizeeka anwani hubadilika na safari ya mjini huwa ya bure.

Shule au kituo chenye kompyuta kadhaa kina njia rahisi zaidi. Katika Preferences, sehemu ya Files, Synaptic inaweza kuagizwa isifute ilichopakua. Vifurushi hubaki katika folda ya /var/cache/apt/archives. Kompyuta moja hupakua, zilizobaki hupokea kwa flashi, mradi zote ziwe na toleo moja la Linux.

Kuondoa programu ni kazi ya dakika moja, na ndiyo inayohitaji macho zaidi. Mark for Removal huondoa programu na kuacha mipangilio yake ya mfumo. Mark for Complete Removal huondoa na mipangilio hiyo. Nyaraka na picha za mtumiaji haziguswi. Hatari ni pale kifurushi kinachoondolewa kinapokuwa nguzo ya vingine. Mtu anayeondoa python3 akidhani ni programu ya wanafunzi tu, ataona orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka pamoja nayo, ikiwemo sehemu kubwa ya mfumo wenyewe. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji maarufu wa Kanada wa masuala ya kompyuta, alijaribu kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye mfumo wa Pop!_OS. Kifurushi kilikuwa na kasoro. Programu ya kubonyeza ilikataa. Yeye akahamia kwenye amri, akapewa onyo, akaandika kwamba anakubali, na eneokazi lake lote likafutika mbele ya kamera. Orodha ya kuondoa ikiwa ndefu kuliko ilivyotarajiwa, kitufe sahihi ni Cancel.

Programu moja tu ya kuweka vifurushi inaruhusiwa kufanya kazi kwa wakati mmoja. Ujumbe kwamba ghala limefungwa mara nyingi maana yake Update Manager inaendelea na kazi, na dawa ni kusubiri, si kuzima kompyuta.

Stima ikikatika katikati ya kuweka programu, ambalo si jambo geni, kompyuta ikiwashwa tena Synaptic inaweza kugoma na kudai marekebisho. Hufunguliwa terminali, huandikwa sudo dpkg --configure -a, na kazi huendelea pale ilipoishia. Kikibaki kifurushi kilichovunjika, menyu ya Edit ina Fix Broken Packages. Laptopu ambayo betri yake haishiki chaji isianzishiwe masasisho makubwa wakati umeme unawaka na kuzima.