Uaminifu kwa chapa ya simu ni mapenzi ya upande mmoja

Juma lililopita niliingia katika duka moja la simu kwenye barabara ya Luthuli jijini Nairobi, nikiwa na fedha mfukoni na azma moja tu: kununua simu. Baada ya saa mbili nilitoka mikono mitupu. Si kwamba simu hazikuwapo. Zilijaa tele katika makabati ya vioo, na kila muuzaji aliapa kuwa zake ndizo bora. Kilichonishinda ni kuamua iwapo nibaki na chapa niliyoitumia kwa karibu miaka kumi au niitupe mkono.

Chapa yenyewe sitaitaja, maana kisa changu ni cha wengi. Simu yake ya kwanza ilinidumia miaka mitano. Ilianguka, ikanyeshewa, wala haikulalamika. Ya pili ilidumu mitatu. Hii ya tatu haikuwa imetimiza mwaka na nusu betri ilipofura hadi ikakiinua kioo. Fundi aliniambia kwamba betri hiyo imegundishwa ndani, na kwamba kuing'oa ni kukihatarisha kioo, ambacho bei yake ni karibu nusu ya bei ya simu nzima. Nilipowaendea walioniuzia niliambiwa, kwa upole mno, kuwa waranti ilikwisha kitambo. Uaminifu wangu wa miaka yote hiyo haukuwa umeandikwa katika daftari lolote.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: hivi huwa tunakuwa waaminifu kwa nani hasa tunapoapa kwamba hatuwezi kununua simu isiyo ya chapa fulani?

Katika vyumba vya walimu, mjadala wa simu huchemka kama ule wa Gor Mahia na AFC Leopards. Nimewasikia wapenzi wa Tecno na wapenzi wa Infinix wakitoleana macho, kila mmoja akiibeza simu ya mwenziwe. Laiti wangalijua! Chapa hizo mbili, pamoja na itel, ni mali ya kampuni moja, Transsion ya Shenzhen nchini China, iliyoanzishwa mwaka 2006. Ni mashabiki wanaogombana kwa ajili ya timu mbili za mwenyewe mmoja. Nami siibezi Transsion. Ilitutengenezea simu za laini mbili, betri za kustahimili giza la umeme kupotea, na kamera zinazoutambua uso mweusi. Ninachosema ni kwamba ugomvi wetu hauna mguu wa kusimamia.

Isitoshe, jina la chapa ni bidhaa inayoweza kuuzwa kama shamba. Msomaji aliyekuwa shuleni mwanzoni mwa karne hii ataikumbuka Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliyouzwa zaidi ya nakala milioni 200 duniani. Watu waliiapia simu hiyo. Mwaka 2014 Nokia ilikamilisha kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu, na kuanzia mwaka 2016 jina hilo likakodishwa kwa kampuni nyingine ya Finland, HMD Global. Aliyenunua simu yenye jina hilo mwaka 2017 akidhani amerejea nyumbani, alirejea katika nyumba iliyokwisha kubadilisha wenyewe. LG nao walitangaza mwaka 2021 kuwa wanaacha kabisa kutengeneza simu. Na wapenzi wa Huawei walikosa nini mwaka 2019, Marekani ilipoiwekea kampuni hiyo vikwazo, simu zake mpya zikaanza kuja bila huduma za Google? Hawakukosa lolote. Fahali wawili walipigana, nyasi zikawa ni wao.

Kisa kilichonikera zaidi ni cha Apple. Mnamo Desemba 2017 kampuni hiyo ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa. Ilieleza kuwa nia ilikuwa kuzizuia zisizime ghafla, na kiufundi hoja hiyo ina mashiko. Lakini wateja hawakuwa wameelezwa waziwazi. Hapana shaka wapo waliodhani simu zao zimezeeka, wakanunua mpya, ilhali dawa ilikuwa betri tu. Kampuni iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri nchini Marekani kutoka dola 79 hadi dola 29.

Mbona basi tunabaki? Wengine hubaki kwa mapenzi, lakini wengi wetu, nadhani, hubaki kwa kuogopa kuhama. Picha zimo humo, majina ya watu yamo humo, na vidole vimezoea njia. Kwa mwalimu, simu si pambo. Ndiyo benki yake ya M-Pesa, ndiyo njia ya kuwasiliana na wazazi, ndiyo mara nyingi hutumiwa kujaza fomu za tathmini za TSC mtandaoni. Simu ikikataa kazi, kazi yenyewe imekataa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Android zilizo chini ya toleo la 5. Simu zilikuwa nzima, zikipiga na kupokea, lakini wenyewe wakajikuta nje ya makundi ya shule.

Hili ndilo linalopaswa kutushughulisha: simu itapokea masasisho kwa muda gani, yaani yale marekebisho ya programu yanayoziba mianya ya wezi wa mitandaoni, na je, spea zake zitapatikana? Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unawataka watengenezaji watoe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya simu kuacha kuuzwa, na spea kwa miaka saba. Google mwaka 2023 na Samsung mwaka 2024 waliahidi miaka saba kwa simu zao za bei ghali. Za bei nafuu, ambazo ndizo saizi yetu, aghalabu huahidiwa michache au haziahidiwi chochote. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo ndiye anayerudi dukani mara nyingi zaidi.

Serikali yetu haikosi uwezo. Mwaka 2012 tume ya mawasiliano ilizima simu ghushi zaidi ya milioni moja nchini. Asasi iliyoweza hilo itashindwaje kuagiza kwamba kila kasha la simu liandikwe mwaka ambao masasisho yatakoma, kama tunavyoandikiwa tarehe kwenye pakiti ya maziwa?

Nilimwuliza swali hilo kijana wa dukani. Aliigeuza simu, akalitazama kasha pande zote, kisha akanijibu kwa heshima: "Mwalimu, hii ina kamera ya megapikseli hamsini." Nikamshukuru, nikatoka, nikaenda kumtafuta fundi wa pili. Huyu amesema atajaribu kuing'oa betri kwa hewa ya moto, ila hakidhamini kioo. Ameniambia nirudi Ijumaa.